Bambo huchomwa na mnunuzi, si na mwenye gunia: uhakiki wa gemu na maadili yake

#1 Mchoma Bambo (mleta uzi), Lindi

Wakuu, salaam. Mimi ni mkazi wa Lindi mjini, na kwa miaka kadhaa sasa nina kibanda cha gemu hapa Rahaleo: televisheni tatu, PS (mashine za gemu za PlayStation) tatu, pedi sita ambazo mbili kati yake vitufe hukwama, na ubao ukutani unaosema mechi moja ni shilingi 500. Msimu wa ufuta ukifika humwachia mdogo wangu kibanda, nami nikaenda kufanya kibarua ghalani. Nayataja yote mawili kwa sababu hoja yangu imezaliwa ghalani, ingawa inahusu gemu.

Aliyewahi kusimama kwenye ghala la ufuta analijua bambo: kile kichuma kirefu kilichochongoka, chenye uwazi ubavuni, ambacho mpima ubora hukichoma kwenye gunia, akakizungusha, kisha akakivuta na ufuta kidogo ukamiminika kiganjani. Kama kuna mchanga, utauona palepale. Mwenye gunia mwenye hila hamzuii mpima kuchoma. Humwelekeza tu: choma hapa juu, mkuu, pale chini gunia limechakaa litapasuka. Na mchanga uko chini.

Sasa nije kwenye gemu. Mwaka juzi nilinunua gemu ya mpira, toleo jipya la msimu, kwa sababu ya video moja ya Kiswahili. Jina la gemu sitalitaja, wala la kijana aliyeihakiki, kwa kuwa sina nia ya kumharibia mtu riziki yake. Aliisifu kwa dakika kumi na mbili: nyasi, jasho kwenye paji la uso wa mchezaji, mashabiki wanaoimba. Nikatuma fedha Dar es Salaam, CD ikaja na basi, nikaipokea stendi siku ya Ijumaa saa kumi jioni, na ilipofika saa kumi na mbili vijana watano walikuwa wamekwisha kukaa kwenye benchi, wawili wao wameshalipa. Nilipoitia, mashine ikadai kwanza apdeti ya zaidi ya GB 30. Bando langu lilikuwa la GB 3. Vijana walisubiri mpaka wakaishiwa mazungumzo, nikawarudishia fedha zao. Apdeti ilikamilika siku ya tatu, kwa fedha ambayo sikuwa nimeipangia, ndipo nikagundua kwamba karibu nusu ya gemu haifunguki bila intaneti.

Kijana yule hakusema uongo hata mara moja. Nyasi zilikuwa nzuri kweli. Baada ya majuma mawili mteja wangu mmoja alifungua maelezo yaliyo chini ya video ile, akashuka mpaka mwisho kabisa, akanisomea mstari mmoja uliosema kwamba video imedhaminiwa na duka fulani. Ndilo duka nililonunua CD.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma habari za uhakiki wa gemu huko zilikoanzia, na nimefikia maoni ambayo naomba tuyajadili. Tunapozungumzia maadili ya waandishi wa gemu, wengi huuliza kama mhakiki ni mkweli au amehongwa. Mimi naona swali la kwanza liwe hili: nani alimchagulia mahali pa kuchoma bambo?

Chukueni kisa cha Jeff Gerstmann, ambaye mwaka 2007 alikuwa mhakiki mkongwe wa tovuti ya GameSpot nchini Marekani. Aliuhakiki mchezo wa Kane & Lynch: Dead Men akaupa alama 6 kati ya 10, wakati kurasa za tovuti hiyohiyo zikiwa zimepambwa kwa matangazo ya mchezo huo, yaliyolipiwa na Eidos iliyouchapisha. Kabla Novemba haijaisha alikuwa hana kazi. Makubaliano ya kisheria yalimfunga mdomo hadi mwaka 2012, ndipo alipoeleza hadharani kwamba viongozi wa juu walitishika walipoona fedha za matangazo zinaelekea mlangoni. Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha rushwa, lakini hakuna aliyempa Gerstmann bahasha. Alichoma panapostahili, akatoa mchanga, na mwenye ghala akamfukuza mpima. Funzo walilolipata wahakiki waliobaki kazini nadhani halikuhitaji kuandikwa kwenye waraka wowote.

Kisa cha Cyberpunk 2077 kinakaribiana zaidi na changu. Mchezo huo wa kampuni ya CD Projekt ya Polandi ulitoka tarehe 10 Desemba 2020. Wahakiki waliotangulia kuupata walipewa toleo la kompyuta pekee, na kabla ya siku ya mauzo hawakuruhusiwa kuonesha picha walizorekodi wenyewe. Walitumia zile zilizoandaliwa na kampuni. Alama zikawa za juu sana. Walionunua toleo la PS4 wakakutana na gemu inayokwama, inayojizima, watu wasio na nyuso na magari yanayoelea. Wiki moja baadaye Sony, watengenezaji wa PS4, ikaliondoa toleo hilo kwenye duka lake la mtandaoni na kuahidi kuwarudishia wanunuzi fedha, na halikurudi dukani hadi Juni 2021. Hapa tena, aliyesema kwamba toleo la kompyuta ni zuri hakudanganya. Alichoma juu ya gunia kama alivyoelekezwa.

Cha tatu nakipitia haraka. Mwaka 2014 Warner Bros iliwalipa watu wa YouTube, PewDiePie akiwamo, waitangaze Middle-earth: Shadow of Mordor. Tume ya Biashara ya Marekani, katika shauri lililomalizwa kwa makubaliano mwaka 2016, ilieleza kwamba masharti ya malipo yaliwataka wasioneshe kasoro za gemu, na kwamba maelezo ya udhamini yaliwekwa kwenye kisanduku cha chini ambako mtazamaji haoni mpaka abonyeze. Video hizo zilitazamwa zaidi ya mara milioni 5.5. Niliposoma habari ya kile kisanduku cha chini nilicheka peke yangu kibandani, kwa uchungu.

Kuhusu tarehe ya kufungulia mapitio, yaani ile siku ambayo kampuni inaruhusu wahakiki wote kuchapisha kwa pamoja, mimi si mpinzani wake. Humpa mhakiki wa taratibu nafasi ya kumaliza kazi bila kukimbizana na mwenzake. Ila tarehe hiyo ikiangukia saa ileile gemu inapoingia sokoni, wakati maelfu wamekwisha kulipia, najua kuna kitu chini ya gunia.

Ninachokitaka kwa wahakiki wetu wa Kiswahili ni kidogo. Mtu aseme katika sentensi ya kwanza, kwa mdomo wake na si kwa maandishi ya chini, gemu aliipata wapi na nani alilipa. Aseme amecheza kwenye mashine gani, maana wengi wetu huku bado tuna PS3 na PS4. Aizime intaneti acheze saa moja, atuambie kimebaki nini. Achomoe waya ukutani katikati ya mchezo, kama umeme unavyotukatikia, aone kama alichokihifadhi kipo. Mambo hayo mhakiki wa London au San Francisco hatayapima kamwe, na simlaumu.

#2 Mwana wa Mikindani

Mleta mada, nimekusoma hadi mwisho na nakiri kwamba umeandika vizuri, lakini naona unatumia nguvu nyingi kwenye jambo dogo. Gemu ni mchezo wa watoto. Nchi hii ina waandishi wanaolipwa kwa bahasha kuandika habari za mikutano ya wakubwa, na hao ndio wa kuwadai maadili. Mtu akidanganywa kuhusu gemu amepoteza CD, basi.

#3 Mchoma Bambo

Kaka wa Mikindani, asante. Kwanza, niliyepoteza fedha nina umri wa miaka 38 na nina watoto wawili, kwa hiyo hilo la watoto tuliache. Pili, hata kwa watoto wenyewe jambo si dogo. Mwaka 2016 nchini Marekani iligundulika kwamba vijana wawili mashuhuri wa YouTube walikuwa wakijionesha wakishinda kwenye tovuti ya kamari ya vifaa vya gemu ya Counter-Strike, iliyoitwa CSGO Lotto, bila kuwaeleza watazamaji kwamba tovuti ni mali yao. Mwaka uliofuata wakafikia makubaliano na tume ileile niliyoitaja. Watazamaji wao wengi walikuwa vijana wadogo.

Ama bahasha, umenisaidia hoja. Mwandishi anayepewa bahasha baada ya mkutano huambiwa ni nauli. Hakuna anayemwambia aandike nini. Lakini kesho akiitwa tena ataenda, na siku akiandika vibaya hataitwa. Gemu ya bure inayotumwa kabla ya mauzo hufanya kazi hiyohiyo. Novemba 2015 tovuti ya habari za gemu iitwayo Kotaku ilieleza kwamba kampuni ya gemu ya Bethesda ilikuwa imeinyima nakala za kuhakiki na majibu ya maswali kwa takriban miaka miwili, na Ubisoft kwa zaidi ya mwaka, baada ya kuchapisha habari za gemu ambazo kampuni hizo zilikuwa hazijazitangaza. Habari zenyewe zilikuwa za kweli. Kwa hiyo anayepewa nauli anajua kabisa kwamba nauli inaweza kukatwa.

#4 Mjukuu wa Masasi

Nashangaa mleta uzi ameandika yote haya bila kuigusa GamerGate. Mwaka 2014 wachezaji wenyewe walisimama kudai maadili katika uandishi wa gemu, na waandishi wakubwa wakaungana kuwaita wabaguzi. Kama unapenda bambo, wale ndio waliochoma gunia la waandishi.

#5 Mchoma Bambo

Mjukuu wa Masasi, niliiacha makusudi kwa sababu huwa inaumeza mjadala wote, lakini kwa kuwa umeuliza kwa heshima nitakujibu kwa kirefu.

Tuanze na tuhuma yenyewe. Agosti 2014 mpenzi wa zamani wa mtengenezaji wa gemu anayeitwa Zoë Quinn alichapisha maandishi marefu kuhusu uhusiano wao uliovunjika. Kutokana na maandishi hayo likazuka dai kwamba Quinn alipata uhakiki mzuri wa gemu yake, Depression Quest, kwa kuwa na uhusiano na mwandishi wa Kotaku, Nathan Grayson. Ni tuhuma nzito, na ilistahili kuchunguzwa. Sasa chomeni bambo: Grayson hakuwahi kuandika uhakiki wa gemu hiyo. Hakuna uhakiki. Mhariri wa Kotaku alilichunguza jambo hilo akatoa majibu yake ndani ya mwezi huohuo. Zaidi ya hapo, Depression Quest ilikuwa ikipatikana bure kwa yeyote anayetaka kuicheza, kwa hiyo hata mnunuzi aliyedhulumiwa hakuwepo.

Watu wanaodai maadili kwa dhati, gunia likionekana safi, huenda kwenye gunia jingine. Nimetoka kuwatajia hapo juu tovuti iliyomfukuza mhakiki kwa ajili ya matangazo, na mwaka huohuo wa 2014 Warner ilikuwa inazilipia video zake za sifa. Magunia yenye mchanga yalikuwepo tele. Badala yake Quinn alitishiwa kuuawa na akalazimika kuhama nyumba, na Oktoba ile mchambuzi wa utamaduni wa gemu, Anita Sarkeesian, alifuta mhadhara wake katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah baada ya mtu kutuma barua pepe akitishia kuua watu wengi ukumbini. Polisi walisema sheria ya jimbo haiwaruhusu kuwazuia wenye vibali kuingia na bunduki. Sarkeesian hakuwa hata mwandishi wa uhakiki wa gemu mpya. Alikuwa anatengeneza video kuhusu namna wanawake wanavyooneshwa kwenye gemu.

Sikatai kwamba miongoni mwa waliotumia jina lile walikuwemo watu waliokerwa kweli na mambo kama yaliyonikera mimi. Baadhi ya tovuti, Kotaku ikiwemo, ziliweka kanuni kali zaidi za kutangaza maslahi kipindi hichohicho, na ni jambo jema. Lakini tangu hapo mtu akitamka maneno maadili ya uandishi wa gemu mbele ya mhakiki, mhakiki hutazama mlango ulipo. Hiyo ndiyo hasara wanayoipata wenye kibanda kama mimi: neno letu limechukuliwa, na tukilitumia tunaonekana tumekuja na fimbo.

#6 Dada wa Nachingwea

Wakaka, mniruhusu. Mimi nacheza gemu za simu tu, lakini mnaponitajia kulipia gemu kabla haijatoka, sisi watu wa korosho jambo hilo tunaliita kangomba. Tofauti ni kwamba kwenye kangomba anayeumia ni mkulima aliyeuza maua ya mkorosho kwa bei ya shida, na huku anayeumia ni mnunuzi. Halafu nina swali kuhusu alama. Kwenye korosho kuna daraja la kwanza na la pili, na kila mtu anajua linapimwaje. Hizi alama za gemu zinapimwa kwa mizani gani?

#7 Mchoma Bambo

Dada, hilo la kangomba naliiba, nitalitumia kibandani.

Kuhusu alama, mizani haipo. Kila mhakiki huweka namba yake kwa kadiri alivyojisikia, kisha tovuti ya Metacritic huzichukua, ikazipa uzito tofauti kwa siri yake, ikatoa wastani. Namba hiyo ingebaki kuwa burudani kama isingegeuzwa mshahara wa watu. Mwaka 2010 kampuni ya Obsidian iliitengeneza Fallout: New Vegas kwa ajili ya Bethesda. Mwaka 2012 mmoja wa viongozi wa Obsidian, Chris Avellone, alieleza kwamba kampuni yake ingelipwa bonasi endapo gemu ingefikisha alama 85 Metacritic. Ilipata 84. Hebu fikiria mhakiki mmoja mahali fulani aliyesita usiku kati ya 8 na 9, akaweka 8 kwa sababu gemu ilimkwamia mara mbili, bila kujua kwamba kuna watu wanaisubiri namba yake kama mkulima anavyosubiri malipo ya mnada. Simlaumu kwa kuweka 8. Nawalaumu walioandika mkataba ule, maana uliwapa wenye gunia sababu ya kumfuata mpima nyumbani kwake.

Binafsi napenda uhakiki usio na namba. Najua wateja wangu hawapendi. Wao huuliza kwanza, imepata ngapi?

#8 Mwana wa Mikindani

Mchoma Bambo, nimerudi. Nakubali kwamba lile la kamari limenibadilisha mawazo kwa kiasi. Lakini kwa haki ileile unayoidai, nina swali. Wewe huwashauri vijana wa Lindi gemu ya kununua, na nimeona hapa jukwaani umeandika mapitio mara kadhaa, ukamsifu sana muuzaji mmoja wa CD. Nani anakuchagulia wewe mahali pa kuchoma?

#9 Mchoma Bambo

Swali la haki, na nimekaa nalo tangu asubuhi.

Pedi sita nilizozitaja mwanzoni, mbili hazikununuliwa. Muuzaji yule alizituma mwaka jana ndani ya mzigo, akaniambia ni za asante kwa mteja mwema. Hakuniomba chochote. Wiki iliyofuata niliandika hapa kwamba CD zake ni nzima na bei zake ni nzuri, na ni kweli, CD zake ni nzima. Bei sikuwa nimezilinganisha na za mtu mwingine yeyote. Pedi sikuzitaja.

Leo nimerudi kwenye andiko lile nikaliongezea mstari juu kabisa, kabla ya sentensi ya kwanza. Pia nimempigia simu muuzaji nikamwomba anitajie bei ya kuzilipia. Alidhani nimekasirika, akacheka, akasema nisijisumbue, kisha akauliza kama ningependa kupata gemu mpya ya mwezi ujao mapema nikaionje. Nimemwambia nitainunua siku ileile itakayouzwa kwa kila mtu, na nitaicheza kwanza bila bando.

Mdogo wangu, aliyekuwa anasikiliza, ameniuliza kama hizo pedi mbili ndizo zile zinazokwama vitufe. Ndizo.